Mtu Aliyemwambia Kasongo Angoje

Katika mtaa wetu wa Katoyi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Operateri, na wale waliomheshimu zaidi, ao waliokuwa na shida naye, walimwita Muzee Operateri. Alifanya kazi kwenye posta ya serikali tangu enzi ya Wabelgi, akipokea na kutuma telegramu kwa redio, kwa ile lugha ya nukta na vistari. Chombo chake kilikufa zamani, na chumba alichokalia wakawapa watu wa mihuri. Yeye hakuacha kazi. Alihamia kwangu tu, kwa sababu mimi nilikuwa na phonie.

Phonie ni redio ya kusemea mbali, kwa wale ambao hawakuiona: sanduku la chuma, betri ya gari, waya mrefu uliofungwa kwenye miti miwili juu ya mabati, na kipaza sauti unachokibonyeza ukisema na kukiachia ukisikiliza. Kabla ya simu za mkononi, ndiyo iliyotuunganisha na dunia. Wanande wenye biashara walikuja kuita Butembo, wauza samaki walikuja kuita Vitshumbi, na sisi Waislamu wenye asili ya Maniema tuliwaita ndugu zetu wa Kindu na Kasongo. Operateri alifika kila asubuhi saa tatu, akakaa kiti cha kona, penseli sikioni, akasikiliza. Sikumwajiri, wala hakuomba. Nilimpa chai na kipande cha mkate, naye akanipa maoni.

Kuna jambo moja lazima niliseme mapema, maana bila hilo mtamwona mzee msumbufu tu, na msumbufu alikuwa kweli. Wakati wa uasi wa kwanza, ule wa miaka michache baada ya uhuru, yeye akiwa kazini hapa Goma, operateri wa posta ya Kasongo alimwita kwenye hewa akamwambia ana neno la kumwambia. Operateri wetu akamjibu angoje. Mchana ule ule Kasongo ikanyamaza, na haikusema tena. Alichotaka kusema mwenzake hakukijua. Kama alipona ao alikufa, hakujua. Kwa karibu miaka arobaini aliishi akiwaza kwamba kuna mtu mahali fulani alimwambia angoje, na mtu yule bado anangoja.

Haya yote niliyajua baadaye. Mwanzoni nilijua tu kwamba ana mdomo.

Kitu cha kwanza alichonikataza ni salamu. Alisema ninaharibu betri. Mtu akishika kipaza sauti ataanza, habari ya nyumba, watoto, kule mvua inanyesha, mama mkwe mguu umepona, na kabla hajafikia jambo lililomleta betri imelegea na Butembo wanasikika kama wako ndani ya chungu. Akawapanga wateja wangu kwenye benchi akawafundisha kusema telegramu: nani, nini, lini, wapi, basi. Alikuwa anahesabu maneno kwa vidole. Mtu akisema ishirini na matano, alimwambia hayo yanaingia katika tisa, na kweli alimwonyesha tisa.

Aliyemshinda ni mama mmoja muuza samaki, mwenye watu wake Vitshumbi. Operateri alimkatia habari yake mpaka ikabaki maneno manne: samaki hazijafika, tumeni ijumaa. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akamwambia kwamba akisema hivyo bila kuwasalimu, kule watajua amekufa na ni mtu mwingine anatumia sauti yake, na samaki hawatatuma. Operateri akatoa penseli sikioni, akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Toka siku ile alimruhusu yule mama peke yake kusalimu, wengine wakalalamika, naye akasema yule ana kibali.

Alipenda sana neno kibali. Alikuwa na somo lake la serikali ya kikoloni, akilitoa kila mara chai ikiwa na sukari ya kutosha. Alisema Wabelgi walipotaka kuunganisha nchi hii kwa maneno, walikuwa na njia mbili, waya na hewa. Waya waliupeleka kule kwenye reli na madini. Huku kwetu walijaribu nguzo, mchwa wakala, tembo wakajikunia, wanakijiji wakakata waya kutengenezea bangili. Basi huku wakatupa hewa. "Waya ilifuata shaba," alikuwa akisema, "sisi watu ya maharagi tukapewa hewa." Na akieleza hivyo alionekana kama mtu aliyeshinda kesi, maana kwa maoni yake hewa ilikuwa zawadi bora, ila wazungu hawakujua.

Sehemu ya pili ya somo ilikuwa kwamba hewa yenyewe, ingawa kila mtu anaivuta, ilikuwa mali ya serikali. Hakuna aliyeweza kuwa na chombo cha kusemea bila karatasi. Na ndani ya posta kulikuwa na mpangilio wa maneno kama wa watu kanisani siku zile, nani anakaa mbele na nani nyuma. Kwanza telegramu za serikali. Pili za kazi ya posta yenyewe. Tatu za makampuni. Nne za misioni. Tano za wazungu wengine. Za mtu mweusi aliyefiwa na mama yake zilikuja mwisho, kama jua halijatua. Na za operateri mwenyewe hazikuwepo kabisa. Alipitisha maneno ya watu tangu asubuhi mpaka jioni, lakini kuongeza neno lake moja lilikuwa kosa la kufukuzwa. Wala daftari hakuruhusiwa kusaini. Yeye alipokea, shefu mzungu, mkubwa wa posta, akasaini kwamba amepokea.

Nilimuuliza siku moja kama haikumchoma. Alisema ilimchoma, tena sana, lakini kwamba kuna raha nyingine, ya kufanya kazi vizuri hata mbele ya mtu asiyeijua, na shefu wake hakuwa anaijua. Alikuwa akisikia telegramu kutoka mbali, katikati ya radi, wakati mzungu amevaa visikizio vyake na kusema hakuna kitu. Alipenda kuisimulia hiyo, na kila mara radi ilikuwa kubwa zaidi.

Mnaona sasa alivyokuwa. Alilaumu sheria zile, na alizishika kuliko wale waliozitunga. Yaliyosemwa kwenye phonie yangu hayakumtoka mdomoni. Mke wa mfanyabiashara mmoja alikuja na kuku mzima, kuku mnene, akitaka kujua mume wake alisema nini na Butembo juu ya mwanamke mwingine. Operateri alimsifia kuku, akamuuliza anamlisha nini, akamrudisha na kuku wake. Lakini mpira, bei ya sukari Gisenyi, ndoa ya jirani, padri aliyehubiri kwa muda mrefu, hayo aliyasema mpaka mate yanakauka. Mkewe, mama mpole wa Kinande ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliniambia mume wake anahesabu maneno ya wengine ili apate nafasi ya yake.

Na alikuwa na woga. Hilo watu hawakulijua, kwa sababu alitembea wima, shati limepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa. Mimi nililijua kwa njia ya shangazi yangu.

Shangazi yangu, mdogo wake baba, alikuwa anaishi Kasongo. Kila baada ya siku chache alituita kutoka phonie ya kule, na shangazi akishika kipaza sauti hakuna wa kumpunguzia maneno. Kila sauti yake ilipoingia, "Goma, Goma, hapa Kasongo," Operateri alisimama, akachukua kofia, akatoka kwenda kuangalia barabara. Barabara yenyewe haikuwa na kitu, mawe na watoto tu. Nilifikiri anamchukia shangazi. Nikakasirika, damu ni damu, nikamwambia waziwazi kwamba yule mama hajamkosea. Ndipo akakaa, akanieleza.

Alisema kwenye hewa hakuna jina la mtu, kuna jina la posta. Kwa hiyo mwenzake alimjua kama Kasongo, na yeye kwa mwenzake alikuwa Goma. Waliitana kila siku kwa saa zilizopangwa, miaka na miaka, bila kuonana, bila kusikiana sauti, bila neno moja lisilo la kazi. Lakini operateri ana mkono. Kugonga kwake si kwa mwingine, kama mwendo wa mtu unavyomtambulisha kabla hajafika mlangoni. Mkono wa Kasongo ulikuwa mwepesi, na mwishoni uliburuta kidogo, kama mtu mwenye kandambili kubwa. Kwa mkono ule alijua mwenzake ana malaria. Alijua alipooa, maana kwa wiki mbili aligonga kivivu na kwa furaha. Kila mwaka kulikuwa na mwezi mmoja ambao alasiri mkono ulichoka na asubuhi ulikuwa mzima, na kwa hilo akajua mwenzake ni Mwislamu na anafunga. Yeye mwenyewe Mkatoliki, mwezi ule alijitahidi kummalizia kazi mapema.

Waliiba kitu kimoja tu. Mwisho wa kazi, baada ya alama ya kufunga, mmoja aligonga herufi moja, M kama kwake kuna mvua, J kama kuna jua. Mwingine akajibu. Herufi moja tu, haraka, shefu asisikie. Akanieleza hilo kwa aibu kama anaungama.

Halafu ikaja siku ile. Uasi ulikuwa unapanda kutoka Maniema, telegramu za serikali zilikuwa rundo mezani, na mkubwa wa wilaya alisimama nyuma ya kiti chake akipumulia shingo yake. Kasongo akaita nje ya zamu. Akagonga kwamba ana neno kwa Goma, si la kazi. Kwa miaka yote ile hajawahi kusema hivyo. Wabelgi wenyewe walikuwa wameacha madaraka zamani kidogo, wakabaki mashefu wachache tu kwenye posta, lakini kitabu chao cha sheria kilikuwa bado kwenye rafu, na ndani ya kichwa cha Operateri kilikuwa kizima, kila ukurasa. Serikali kwanza. Akagonga alama ya ngoja. Kasongo akagonga kwamba amesikia. Operateri akapeleka telegramu za serikali moja baada ya nyingine mpaka meza ikawa tupu, na alipogonga, Kasongo, endelea, hakukuwa na mtu. Aligonga mpaka giza. Aligonga kesho yake na keshokutwa, mpaka wakamwambia aache.

Nikamwambia: Muzee, hiyo ni rahisi. Shangazi yangu anamjua kila mtu Kasongo, hata mbuzi anawajua kwa majina. Nitamwita sasa hivi, nitamuuliza operateri wa zamani yuko wapi.

Akanishika mkono nisiguse kipaza sauti.

"Hapana, Mama Phonie. Leo angali anangoja," akasema. "Ukiuliza, wataweza kunijibu."

Nilikasirika naye, nisiseme uongo. Niliona ni ujinga, mtu mzima kukaa hatua mbili kutoka kwenye jibu na kwenda kuangalia mawe barabarani. Lakini usiku ule nilipokuwa napika nilijiuliza kama mimi ningetaka kuambiwa kwamba alikufa. Sikumsumbua tena. Shangazi akiita, nilimwambia kwa jicho tu, naye akachukua kofia yake.

Miaka hiyo ya uasi mwingine, huu wa kwetu tuliouona sisi, serikali za Goma zilibadilika, na kila waliokuja na bunduki walianza na phonie. Wanataka kuona karatasi. Ulikuwa na karatasi ya wale waliotangulia, haifai, lete nyingine. Operateri alifurahi sana kwa hilo, Mungu amsamehe. Alisema mnaona, hewa ingali ya serikali, Wabelgi walituachia ugonjwa wao.

Komanda mmoja aliyesimamia usalama wa mtaa wetu alikuja akitaka kujua wafanyabiashara wanaambiana nini na Butembo. Niliogopa, maana mambo hayo yaliweza kumpeleka mtu mahali asirudi. Operateri akasimama, akamkaribisha kiti, akatoa kijitabu chake. Akamwambia kwamba kila kitu amekiandika, ila kwa nukta na vistari, na kwamba atamsomea mwenyewe. Akaanza kusoma. Kumbe alichoandika mle ni zile salamu zote alizowakatia watu. Habari ya mama mkwe, mguu, mvua ya Beni, ndizi zimeiva, mtoto ameota jino, msalimie jirani, msalimie na jirani ya jirani. Alisoma kwa sauti moja, bila kupumzika, ukurasa baada ya ukurasa, na komanda alivumilia mpaka jasho likamtoka, akaondoka akisema atarudi siku nyingine. Nilicheka mpaka nikalia. Nikamuuliza Operateri ni kwa nini aliziandika. Akasema hata neno lililokatwa lazima liwe na mahali pa kukaa.

Halafu mlima wa moto ulio juu ya mji ukapasuka.

Sitasimulia moto, walioona wameona. Uliteremka ukapita katikati ya mji ukaingia ziwani, na watu wakakimbia, nusu upande wa Gisenyi, nusu upande wa Sake, na katika kukimbia mikono ikaachiana. Katoyi, moto ulituachia. Siku ya tatu niliporudi nilikuta chumba changu kizima, mabati yamejaa majivu, waya umeshikilia. Nikaunganisha betri, na kabla sijakaa, benchi zimejaa na watu wamefika barabarani. Watu wa Kibumba wakitafuta watoto waliowatuma mjini shuleni. Watu wa mjini wakitaka kuwaambia Butembo wamepona. Kila mtu alikuwa na jambo la haraka, na kila mmoja alikuwa na haki. Nilishindwa. Nilisimama pale na kipaza sauti mkononi nikilia.

Operateri alifika, shati limepigwa pasi. Mpaka leo sijui alipigia wapi. Akatazama umati ule, akatoa penseli, akapanga mistari. Niliogopa atawapangia ile ya Wabelgi. Hakupanga hiyo. Wenye kutafuta watoto mbele. Wenye kutafuta wazee nyuma yao. Waliopona na wanataka tu kusema wamepona, wakae chini wangoje. Biashara, kesho. Watu wakatii, maana alisema kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

Komanda akaja na vijana wake wawili, akapita watu, akaja mpaka mezani akasema apewe laini sasa. Mimi nikamnyooshea kipaza sauti. Operateri akaweka mkono katikati.

"Ngoja kwanza, komanda. Ni neno ya serikali, ao ni ya kwako?"

Komanda alimtazama mzee yule kwa muda, halafu uso wake ukalegea.

"Ni mutoto yangu," akasema. "Alikuwa na mama yake njia ya Sake. Siwaone."

"Basi simama nyuma ya huyu mama. Ingekuwa ya serikali, ungengoja mpaka magaribi."

Na komanda akasimama. Nyuma ya mama wa Kibumba mwenye kitenge kimeungua, akashika kofia yake mkononi, akangoja zamu yake kama mzazi mwingine yeyote. Ilipofika tulimwita mtu Sake, na mtoto alikuwa kule, kwenye shule, pamoja na mama yake. Komanda alikaa kwenye benchi akafunika uso. Operateri akamwambia apishe wengine.

Mchana ulipokwisha na benchi zimeanza kuwa na nafasi, sauti ya shangazi ikaingia. Alikuwa ameita siku tatu bila jibu. Nilimwambia tuko, sote tuko, na nilipogeuka kumtazama Operateri ili achukue kofia yake, alikuwa bado amekaa. Alikuwa anatazama mahali aliposimama komanda.

"Yule alingoja," akasema, "na zamu yake ikafika. Lete hapa."

Hakuwahi kushika kipaza sauti. Alikidharau, alisema sauti ni ya wavivu. Siku ile alikishika kwa mikono miwili, akambonyezea shangazi, akamuuliza kwa maneno tisa, nilihesabu, kama operateri wa posta ya zamani yuko hai. Halafu akaachia. Shangazi, ambaye hajawahi kujibu kitu kwa ufupi maishani mwake, alisema: yuko, anauza mawese karibu na soko, jana nimemwona.

Operateri alinirudishia kipaza sauti. Akatoka nje, akakaa juu ya jiwe, akalia kwa sauti bila kujificha. Watu walifikiri amepoteza mtoto katika moto. Nikawaambia hapana, amepata mtu.

Nilitaka kumaliza kazi siku ileile. Nikasema kesho nitamwambia shangazi amlete yule mzee kwenye phonie, amuulize alitaka kusema nini. Operateri akakataa kabisa. Neno lile lilikuwa lake kupokea, akasema, si la kupitia kwa shangazi wala kwangu, na mzee wa Kasongo, kama tulivyoambiwa, masikio yake yalikuwa yamepunguka, phonie hakuielewa. Basi tukapeleka habari kwamba Goma yuko tayari. Jibu lililorudi ni kwamba Kasongo atakuja mwenyewe, ndege zikianza kuchukua watu.

Ndege zilichelewa zaidi ya mwaka. Sijamwona mtu anayengoja kwa furaha kama ile. Aliruhusu salamu kwa wateja wote. Alinenepa kidogo. Mkewe aliniambia anaimba akinyoa ndevu, na kwamba anaimba vibaya. Simu za mkononi zikaingia mjini, benchi zangu zikabaki tupu siku baada ya siku, na mimi sikufunga phonie kwa sababu yeye alikuwa anakuja saa tatu. Nilimlaumu kwa mdomo. Moyoni nilikuwa sawa.

Siku mgeni alipofika, mpwa wangu alimtoa uwanja wa ndege akamleta moja kwa moja. Operateri alikuwa ameniambia kwa miaka kwamba Kasongo ni mrefu, mwembamba, mtu wa kunyamaza. Akashuka kwenye pikipiki mzee mfupi, mnene, ndevu zimetiwa hina, anacheka kabla hajafika. Naye kumbe alimdhania Goma kuwa bonge la mtu. Walisimama mlangoni wakitazamana kama watu waliopotezana na jirani zao sokoni.

"Goma?"

"Kasongo."

Wakashikana mikono, na hawakuachiana haraka. Niliona kila mmoja anaangalia mkono wa mwenzake, si uso. Halafu mzee wa Kasongo akaanza salamu, nyumba, mke, watoto, wajukuu, mlima, ziwa, na Operateri akajibu zote, moja moja, bila kukata hata moja. Nikaleta chai. Tukaongea kwa sauti kubwa ili mgeni asikie. Alituambia waasi walipoingia walivunja chombo kwa kitako cha bunduki, yeye akatoroka kupitia dirishani kwenda kwa mama yake, na posta haikumrudisha kazini, akaanza mawese, na mawese yamemlea vizuri.

Operateri alisikiliza. Kisha akasogeza kikombe, akaweka karatasi mezani, akaweka penseli juu yake. Mkono ulikuwa unatetemeka.

"Kasongo," akasema, "endelea."

"Niendelee na nini?"

"Siku ile uliniita. Ulikuwa na neno. Nilikuambia ngoja."

Mzee wa Kasongo akakunja uso. Akawaza. Aliangalia dari, aliangalia chai, na mimi nikaanza kuogopa, nikasema Mungu wangu, amesahau. Halafu akaanza kucheka, taratibu, mpaka kofia yake ikateleza.

"Ilikuwa saa!" akasema. "Saa ya ukutani ilisimama. Funguo ya kuizungusha shefu muzungu alikuwa anaitembeza mufukoni, hakuamini mutu mweusi kuigusa. Alipokimbia, akakimbia nayo. Na wewe unajua, telegramu bila saa ilikuwa kosa. Nilikuwa nataka kukuuliza ni saa ngapi."

Mimi sikucheka. Waasi wako njiani, shefu amekimbia, na mtu amekaa kwenye kiti chake anataka kuandika saa sahihi. Sijui kama ilikuwa kweli, ao kama alimwona mwenzake anavyotetemeka akamtafutia kitu chepesi cha kupokea. Sikuuliza, na sitauliza. Nilimwangalia Operateri nikifikiri kwamba miaka karibu arobaini itamwangukia kichwani pale pale mezani.

Yeye aliandika swali lile kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, polepole. Kisha akavuta mkono wa shati, akatazama saa yake, akaitazama mara ya pili asije akakosea.

"Ni saa tisa na dakika kumi na mbili," akasema.

Mzee wa Kasongo akaacha kucheka. Akatoa saa yake mfukoni, akaishika karibu na macho, akazungusha kifungo chake kwa kidole gumba mpaka akaridhika.

"Asante, Goma," akasema. "Yangu ilikuwa nyuma dakika nne."